Hahisi miguu yake, anataka kushindana kwenye theluji: je, nimzuie?

SWALI: "Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24. Miaka mitatu iliyopita aliumia uti wa mgongo katika ajali ya gari, na hati za hospitali zinasema jeraha ni kamili, T10, yaani kwenye pingili ya kumi ya mgongo wa kifuani. Anatumia kiti cha magurudumu na mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Tangu aangalie Michezo ya Paralimpiki ya Majira ya Baridi hana habari nyingine: anataka kujifunza skii ya kukalia na siku moja ashindane. Mimi ndiye niliyemuuguza tangu ajali, na naogopa. Hahisi kitu kuanzia kitovuni kwenda chini. Miguu si itaganda bila yeye kujua? Na akianguka kwa kasi ile, si atauvunja mgongo mara ya pili? Halafu kuna jambo limenikwaza. Tuliona mtu aliyemaliza kwa muda mrefu kuliko mwenzake akavishwa dhahabu. Kama medali zenyewe zinagawiwa kwa huruma, kwa nini auweke mwili wake hatarini? Nimwambie nini?"

JIBU: Ndugu yangu, umeniuliza mambo matatu, na kila moja lina jibu la aina yake. Hofu ya baridi ni ya kweli, tena ni kubwa kuliko unavyoidhani. Hofu ya kuanguka ni ya kweli pia, ila umeielekeza kwenye mfupa usio wenyewe. Hilo la huruma si kweli hata kidogo, na ndilo nitakaloanza nalo, kwa sababu ukibaki kuamini kwamba mdogo wako anafukuzia zawadi ya bure, hata ushauri wako mzuri hatausikiliza.

Katika mbio za theluji za Paralimpiki, wanariadha huwekwa kwenye makundi matatu makubwa: wanaoteleza wamesimama, wanaoteleza wamekaa, na wenye ulemavu wa kuona. Ndani ya kila kundi kuna madaraja. Mdogo wako angekuwa na waliokaa, ambao madaraja yao yanaanzia LW10 na kuishia LW12. Mtu wa LW10 hana misuli ya tumbo na kiuno inayomtii. Ukimkalisha bila egemeo, anaanguka. Wa LW12 huenda amekatwa miguu yote miwili, lakini kiwiliwili chake ni kizima.

Waweke hao wawili kwenye mbio za masafa. Skii ya kukalia ya masafa ni kiti chepesi kilichofungwa juu ya skii mbili, na mwanariadha hujisukuma kwa fimbo. Watu wengi hudhani nguvu yote inatoka mikononi. Mtazame vizuri yule wa LW12: anajikunja mbele, anautupa uzito wa kiwiliwili chote juu ya fimbo, anainuka, anarudia. Tumbo lake ndilo injini. Yule wa LW10 amefungwa mkanda kifuani na magoti yake yameinuliwa ili asipinduke, naye anasukuma kwa mabega na mikono peke yake. Mlima ule ule, theluji ile ile, lakini mmoja ana misuli ambayo mwenzake hawezi kuipata kwa mazoezi yoyote duniani.

Ndiyo maana muda wa kila mmoja huzidishwa kwa asilimia ya daraja lake. LW12 huhesabiwa asilimia 100, na madaraja ya chini yake hupewa asilimia ndogo zaidi. Kwa ajili ya hesabu tu, tuchukue asilimia 86 kwa LW10. Amemaliza kwa dakika 30 kamili. Muda wake rasmi unakuwa dakika 25 na sekunde 48. Wa LW12 akimaliza kwa dakika 26 kamili, ameshindwa kwa sekunde 12, ingawa kwa saa ya ukutani alitumia dakika nne pungufu. Hicho ndicho mlichokiona. Katika skii za mteremkoni mara nyingi saa ya kwenye skrini huendeshwa polepole kulingana na asilimia ya anayeshuka, kwa hiyo mtazamaji anauona muda uliokwisha kurekebishwa. Na katika fainali za mbio fupi za masafa wanariadha huachiwa kwa kupishana, ili anayevuka mstari kwanza awe ndiye mshindi kweli.

Utaratibu huu una kasoro, na wanariadha wenyewe huzilalamikia. Asilimia hutokana na wastani wa matokeo ya watu wengi, ilhali ndani ya daraja moja bado kuna aliyebakiwa na misuli zaidi ya mwenzake. Hata hivyo, fikiria njia nyingine ingekuwaje. Zamani madaraja mengi yalikuwa na mbio zake na medali zake. Michezo ya Salt Lake City mwaka 2002 ilikuwa na mashindano 92 ya medali. Torino mwaka 2006, madaraja yalipounganishwa kuwa makundi matatu na asilimia kutumika, yalibaki 58, ijapokuwa mchezo mpya wa kalingi ya viti vya magurudumu (kutelezesha mawe mazito kwenye barafu kuelekea shabaha) ulikuwa umeongezwa. Kama nia ingekuwa kuwapa watu medali kwa kuwahurumia, wasingezipunguza kiasi hicho. Walizipunguza ili medali iwe ngumu kuipata.

Tena hakuna anayejichagulia daraja. Mwanariadha hupeleka hati za kitabibu zinazothibitisha ulemavu, kisha jopo la wataalamu waliofunzwa kazi hiyo humpima misuli na uwezo wa kukaa bila kushikiliwa, halafu humwangalia akiwa kwenye skii, pengine hadi kwenye mashindano yenyewe. Kile kiwango cha T10 kwenye hati za mdogo wako ni mwanzo tu wa mazungumzo. Watu wawili wenye T10 wanaweza kutofautiana kwa namna tumbo linavyowashikilia, na hicho ndicho kinachopimwa. Anayejifanya dhaifu kuliko alivyo hufungiwa.

Nikiwa bado hapo, niseme neno kuhusu wale wanaoona theluji ni ya watu waliozaliwa ndani yake. Michezo ya Paralimpiki ya Majira ya Baridi ya kwanza kabisa ilifanyika Örnsköldsvik, Sweden, mwaka 1976, na mmoja wa washiriki alikuwa Tofiri Kibuuka, asiyeona, akiiwakilisha Uganda kwenye mbio za masafa. Baadaye aliiwakilisha Norwei na kupata medali kwenye riadha ya Paralimpiki ya majira ya joto. Mwaka ule mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo asingekuwa na nafasi kwenye skii: walioshindana ni waliokatwa viungo na wenye ulemavu wa kuona. Mashindano ya skii za kukalia yaliingizwa Innsbruck mwaka 1988. Miaka 26 baadaye, huko Sochi, Mjerumani Anna Schaffelhuber alishinda mbio zote tano za mteremkoni za wanawake waliokaa. Mdogo wako hajaota jambo la ajabu.

Sasa tuje kwenye baridi. Hapa naomba usome taratibu.

Mwili wa mtu asiye na jeraha hujilinda na baridi kwa njia tatu. Ngozi hupeleka taarifa kwenye ubongo kwamba kuna baridi. Ubongo huamuru mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi isinyae, ili joto libaki ndani. Ikiwa hilo halitoshi, misuli hutetemeka, na kutetemeka huko huzalisha joto. Taarifa hupanda na amri hushuka kwa kupitia uti wa mgongo. Kwa mdogo wako njia hiyo imekatika kwenye T10, kwa hiyo taarifa ya miguu haifiki na amri nyingi haziteremki. Haoni uchungu wala ganzi, miguu haitetemeki, na mishipa ya damu ya miguuni haisinyai inavyopaswa. Halafu kuna jambo la nne ambalo watu hulisahau: misuli ya miguu ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini, na kwake haifanyi kazi, kwa hiyo haizalishi joto hata akiwa anajitahidi kwa nguvu zake zote.

Matokeo yake ni kwamba nusu ya juu inaweza kutokwa jasho huku nusu ya chini ikipoa kimyakimya. Hatari yenyewe mara nyingi haiko kwenye kuteleza. Iko kwenye kungoja: kwenye kiti cha kupandishia mlimani, kwenye foleni ya kuanza, au baada ya mazoezi jasho linapopoa ndani ya nguo. Kwa hiyo kinachotakiwa ni utaratibu usiotegemea hisia, maana hisia hazipo. Miguu ivalishwe soksi kavu na viatu vipana visivyobana, kisha ifunikwe kwa mfuko mzito unaozuia upepo na theluji. Baada ya kila mizunguko michache aingie ndani, viatu vivuliwe, na mtu mwenye hisia kamili aiguse miguu kwa mkono na kuitazama kwa macho, hasa vidole na visigino. Nguo za ndani zilizolowa jasho zibadilishwe hapo hapo, asingoje kumaliza.

Pengine umekwisha kufikiria vile vipakiti vya kupasha joto vinavyowekwa ndani ya viatu, au soksi za umeme. Usimwekee. Kipakiti kinachoburudisha mguu wako kinaweza kuuchoma mguu usiohisi hadi nyama, na nimetibu majeraha ya namna hiyo yaliyochukua miezi kupona. Mwili upashwe joto kutokea juu: kofia, koti zuri, kinywaji cha moto.

Mkiona ngozi ya vidole imekuwa nyeupe au ya kijivu, ngumu, baridi kama nta, msiisugue na msiisogeze kwenye moto. Ondokeni kwenye baridi na mwelekee hospitali. Kama ni mbali, na hakuna hatari ya mguu kuganda tena njiani, mnaweza kuuweka kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, na anayeyapima maji awe wewe, si yeye. Akianza kuongea kwa kuvutavuta maneno, akachanganyikiwa au mikono ikawa mizito, hiyo ni dalili kwamba joto la mwili mzima limeshuka. Hapo mnaita msaada wa dharura bila kusubiri aone aibu au akatae.

Viko viwili vinavyoambatana na baridi. Cha kwanza ni mkojo. Baridi huongeza mkojo, na wengi hupunguza kunywa maji ili wasisumbuke kutafuta choo wakiwa na mavazi yote yale. Hiyo ndiyo njia fupi ya kupata maambukizi ya kibofu. Anywe kama kawaida na ratiba yake ya kutoa mkojo ifuatwe hata siku ya mbio. Cha pili ni ngozi ya makalio. Kiti cha skii hubana makusudi, kwa sababu kikilegea mtu hawezi kukiongoza. Mbano, msuguano na jasho ndivyo vinavyoleta vidonda vya mgandamizo. Kila baada ya mazoezi ajitazame kwa kioo. Wekundu ambao haujafifia nusu saa baada ya kuondoa uzito maana yake hakuna kukaa kwenye skii mpaka uishe na kiti kirekebishwe.

Kwa wasomaji wengine wenye jeraha la T6 au juu yake, kuna hatari ambayo haimhusu sana mdogo wako. Mkanda uliobana mno au kibofu kilichojaa vinaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla hadi kiwango cha kuua. Kichwa kinauma kwa kupwita, uso unawaka, jasho linatoka juu ya jeraha. Legezeni mikanda, mkalisheni wima, toeni mkojo, na msaada wa dharura uitwe. Wapo waliowahi kujisababishia hali hiyo makusudi ili wapate nguvu kwenye mashindano. Imepigwa marufuku, na kwa haki.

Kuhusu kuanguka. Mgongo wake, kama ulifungwa vyuma na mifupa ikaunga vizuri, huenda siyo sehemu dhaifu zaidi, ingawa anayeweza kusema hivyo kwa uhakika ni daktari aliyemfanyia upasuaji, akiwa na picha za karibuni mkononi. Ninachokihofia mimi ni mifupa ya miguu. Mfupa usiobeba uzito hupoteza madini yake, na kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo upotevu huo huwa wa kasi katika miaka ya mwanzo, hasa kuzunguka magoti. Mguu unaweza kuvunjika kwa kujipinda kidogo wakati wa kuhamia kwenye kiti, na mwenyewe asisikie kitu. Mnachokiona ni uvimbe, joto la ngozi, mguu uliokaa vibaya, au mishtuko ya misuli iliyoongezeka bila sababu. Kabla ya skii yoyote aombe kipimo cha wingi wa madini ya mifupa, kikiwemo cha magoti.

Na mabega. Kwako wewe bega likiuma ni usumbufu. Kwake yeye bega ndilo linalompeleka kitandani, chooni na kwenye gari. Akiliumiza kwenye mteremko, anapoteza uhuru wake wa kila siku kwa wiki au miezi. Hili nataka alisikie yeye mwenyewe, kwa sababu vijana wenye mikono yenye nguvu ndio hasa wanaolipuuza.

Basi achague nini? Skii ya mteremkoni, ile ya kiti kilichoumbwa kwa mwili wa mtu juu ya skii moja yenye kifyonza mshtuko, ndiyo inayovutia macho, na wanariadha wakubwa hupita kilomita 100 kwa saa. Ndiyo pia yenye maanguko mabaya zaidi. Nisingemwanzisha huko kabla ya majibu ya mifupa. Skii ya masafa ina kasi ndogo na mapafu huneemeka sana, ila mabega hufanya kazi ya kujirudia maelfu ya mara, kwa hiyo mazoezi ya misuli ya nyuma ya bega si ya hiari. Faida yake nyingine ni kwamba anaweza kuianza bila theluji, kwenye kiti chenye magurudumu madogo juu ya lami, na kujua kama anaupenda uchovu wake au alipenda picha tu.

Hoki ya barafu ya kukalia haina hesabu za asilimia: kila mchezaji hukaa kwenye kijisleji chenye vyuma viwili chini, na fimbo mbili fupi zenye meno ya kujisukumia. Ni mchezo wa kugongana kwelikweli, na kwa mwenye mifupa myepesi ningesita. Kalingi ya viti vya magurudumu haina kasi wala mgongano. Hatari yake kubwa ni baridi ya ukumbi na kukaa muda mrefu. Vijana huidharau hadi wajaribu kulituliza jiwe mahali walipolilenga. Ukiniuliza mimi, kwa maelezo uliyonipa, ningemwanzishia skii ya masafa, na mteremko ungefuata baada ya msimu mmoja kama mifupa inaruhusu na yeye bado anautaka.

Ana miaka 24. Uamuzi ni wake. Najua si rahisi kwa mtu aliyemgeuza kitandani usiku kucha ili asipate vidonda, na sikudharau kwa hofu yako. Lakini ukimwambia "usiende", ataenda na watu wasiojua kwamba miguu yake lazima iguswe. Mwambie badala yake unachohitaji kukiona kabla hajaenda.

Nayo ni haya. Mwende kwa daktari wa majeraha ya uti wa mgongo mkiwa na hati za ajali, picha za mgongo na orodha ya dawa zake, kwani baadhi ya dawa za kulegeza misuli na za shinikizo huathiri joto la mwili. Aulizwe mambo manne: mgongo umeunga, mifupa ya miguu iko hali gani, ngozi ni nzima, na kibofu hakina maambukizi. Kama ana kidonda hata kidogo, kama alivunjika mguu mwaka huu, au kama ana uvimbe wa mguu mmoja ambao haujaelezwa sababu (hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mishipa, na haingoji miadi), safari iahirishwe. Kisha amwone mtaalamu wa fiziotherapia ampime mabega. Baada ya hapo kamati ya Paralimpiki ya nchi yenu au chama cha skii wawaelekeze kwa mkufunzi aliyefunzwa kuwafundisha wanaoteleza wamekaa. Mkufunzi huyo mwulizeni kwanza anavyokagua miguu ya mtu asiyehisi. Akisita, tafuteni mwingine.

Siku ya kwanza isizidi saa moja, na iwe siku isiyo na upepo. Nenda naye, na wewe ndiye uivue ile miguu viatu na kuigusa.